Sikio Lililobaki

Jumatatu, 6 Julai

Msimu wa alizeti umeanza leo, na mimi nimeuanza kwa daktari wa masikio. Sikio la kushoto limekwenda zake, kasema, na halirudi. Ndilo linalokaa upande wa injini. La kulia bado linafaa, ila limeanza kuchoka, na likiendelea kupigwa kelele namna hii litamfuata mwenzake.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Dereva wa lori."

"Lori jipya?"

"La zamani."

Akanitazama kwa huruma, utadhani lori limekufa na mimi ndiye mjane wake.

Nikamwambia mwaka mzima nimevaa vile vizibo vya masikio. Akasema ndivyo vilivyoniletea usaha: joto la kabini linatoa jasho, kizibo kinalowa, sikio linaoza ndani kwa ndani. Amevipiga marufuku. Nipunguze kelele huko huko kwenye gari, nipunguze na joto, halafu msimu ukiisha nirudi anipime tena. Ni rahisi kusema ukiwa umekaa chini ya feni.

Sasa tazama mtihani wenyewe. Gari yetu inaitwa Ngurumo. Jina hilo ilipewa na mwenyewe wa kwanza, limeandikwa kwenye bampa kwa rangi nyekundu, na hakukosea. Injini iko katikati ya viti viwili, chini ya kifuniko cha bati kilichotuna kama nundu. Ukifunga vioo unaiva. Ukifungua vioo upate hewa, upepo na mngurumo vinaingia pamoja. Yaani joto ndilo linalonifungulisha dirisha, na dirisha ndilo linalonimaliza sikio.

Gari ni ya Mama, yaani mama mkwe wangu. Ametugawia mimi na Shemeji, mdogo wa mume wangu, wiki kwa wiki. Jumatatu asubuhi aliyemaliza wiki yake anaileta gereji, uani kwa Mama. Mume wangu anaipaka grisi na kuikagua, na mchana mwingine anaichukua. Mume wangu ndiye fundi wetu. Leseni alinyimwa kwa sababu ya macho. Kwa hiyo mke anaendesha, mdogo mtu anaendesha, na yeye analala chini ya gari. Wiki hii ni yangu, na hata sijui nianzie wapi.

Jumanne, 7 Julai

Joto. Kelele. Alizeti. Joto.

Alhamisi, 9 Julai

Leo nimejifanya fundi. Nilichukua godoro kuukuu la watoto, nikakata kipande, nikakifunga kwa kamba juu ya ile nundu ya injini. Nikaondoka nimejaa furaha. Mlima wa kwanza haujaisha nikasikia harufu. Wa pili, moshi. Nikasimama kando, nikalitoa lile godoro likiwa limekuwa kahawia kwa chini, nikalitupa mtaroni na kulimwagia maji yangu yote ya kunywa. Kisha nikaendesha na kiu hadi kiwanda cha mafuta ya alizeti. Jamani!

Nyumbani mume wangu alicheka hadi akakohoa. "Mke wangu, umetengeneza jiko."

Alipomaliza kucheka akakaa karibu yangu, upande wa kulia (huwa hasahau), akanieleza taratibu. Sponji ya godoro inakunywa dizeli na inashika moto. Halafu ni nyepesi, haizuii kelele, inazipapasa tu. Kinachozuia kelele ni kitu kizito, na kabla ya hicho, kuziba matundu. Tundu la kuingiza kidole linapitisha kelele kama dirisha. "Jumapili tutaifanya kazi vizuri," akasema. Nikalala nimempenda upya.

Jumapili, 12 Julai

Tumeshinda uani. Watoto wanasema hawajawahi kutuona tumekaa pamoja muda mrefu hivyo bila kugombana.

Tulianza kwa kung'oa mazulia yote. Chini yake! Ala! Sakafu ina matundu kama chekecheo. Raba ya kwenye gia imepasuka, hewa ya moto ilikuwa inapanda moja kwa moja mguuni kwangu, kumbe ndiyo maana goti la kushoto linaniuma. Ukuta wa mbele, ule unaotenganisha miguu na injini, una matundu ambayo nyaya zimeshatolewa zamani na hakuna aliyejali kuziba. Tumeziba yote. Raba ya gia mpya. Milango tumeibadilishia mipira, sasa ukifunga inasema "bup" badala ya "kwaa". Juu ya nundu tumeweka blanketi zito lisiloshika moto, na juu yake karatasi inayong'aa ya kurudisha joto. Paa kwa nje tumelipaka rangi nyeupe.

Mume wangu anafanya kazi kwa mikono mizuri. Nilikuwa nashika taa mchana kweupe ili tu nimwangalie.

Jumatatu, 13 Julai

Nimekabidhi gari. Shemeji kaja na kofia yake aliyoiinamisha upande, kachungulia ndani, kapiga mluzi.

"Shem! Hii kabini au chumba cha maharusi?"

"Wewe endesha tu. Na usinivunjie kitu."

"Mimi? Nitavua viatu mlangoni."

Huyu mtoto wa watu ana maneno. Tangu nimeolewa sijawahi kumshinda.

Alhamisi, 16 Julai

Wiki ya kupumzika. Sikio la kulia limenyamaza kidogo, ule mluzi unaolia ndani yake umeshuka.

Jumatatu, 20 Julai

Nimechukua gari mchana. Imevuliwa. Sina neno lingine, imevuliwa nguo zote!

Blanketi la kwenye nundu halipo. Karatasi ya kung'aa haipo, imebaki michirizi ya gundi. Vizibo vya ukuta wa mbele vimetolewa kimoja kimoja, na hata ile raba ya gia imerudishwa iliyopasuka. Mipira ya milango tu ndiyo imebaki.

Mume wangu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. "Labda joto limemshinda mdogo wangu," akasema. "Labda alihisi harufu ya gundi."

"Na raba ya gia nayo ina harufu?"

Akainama kuokota spana.

Nimempigia Shemeji. Akacheka, akasema, "Aa, Shem, mimi mwanaume wa shamba, mambo ya ulaini siyawezi." Nikamkatia simu.

Jumatano, 22 Julai

Tumeweka tena. Mume wangu hakulalamika hata kidogo, alirudia kazi yote mwenyewe baada ya chakula cha mchana, na safari hii tumeongeza shiti nzito za lami sakafuni na ndani ya milango. Hawa ndugu wawili wametoka tumbo moja kweli?

Jumamosi, 25 Julai

Leo lazima niandike, nisije nikasahau.

Nimetoka shambani na mzigo kamili, nimefunga vioo isipokuwa kimoja nilichoacha wazi kidogo, na nimesikia taa ya kukatia kona. Tik, tik, tik. Miaka yote hii nimeendesha Ngurumo sikujua kama ile taa ina sauti! Nikawa nakata kona zisizokuwepo ili niisikie. Aliyekuwa nyuma yangu ananipigia honi, na honi nayo nimeisikia. Mguu haukuungua. Nimefika kiwandani shati limekauka mgongoni, na mbeba magunia akaniuliza kama leo nimepewa lifti.

Jumatatu, 27 Julai

Nimekabidhi. Nimemwambia Shemeji mbele ya Mama: "Ukigusa kitu, tutajuana." Akapiga saluti. Hakutania, kwa mara ya kwanza. Nikadhani yamemwingia.

Jumatatu, 3 Agosti

Imevuliwa tena.

Shiti za lami zimebanduliwa sakafuni, mtu amekaa akazikwangua. Hiyo si hasira ya dakika moja, hiyo ni kazi ya mtu aliyetulia na chombo mkononi. Nimekwenda moja kwa moja kwa Mama, hata salamu nilizitoa nusu nusu, Mungu anisamehe. Shemeji alikuwa anakula. Nikamwambia yote yaliyonijaa: kwamba ana roho mbaya, kwamba hanitaki kwenye gari hii, anataka niwe kiziwi nikae jikoni abaki nayo peke yake. Alitafuna polepole, macho kwenye sahani.

"Sema basi!" nikamwambia. "Leo maneno yamekuishia?"

"Gari ikiwa kimya naona kama si gari," akasema. "Nisamehe, Shem."

Eti nisamehe! Mama akagonga meza. "Mimi sitaki kesi za mablanketi ndani ya nyumba yangu. Gari mmepewa mfanyie kazi. Mkishindwa kuelewana nitaiuza, na kila mmoja atembee kwa miguu."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Nilimwangalia aseme neno moja la kunitetea. Akasema chakula kinapoa.

Jumatano, 5 Agosti

Sikio la kulia linapiga mluzi mchana kutwa. Nimefunga kitambaa kichwani, hakisaidii, kinanipikia ubongo tu.

Jumamosi, 8 Agosti

Kiwandani, kwenye mizani, karani aliniita. Anasema aliniita mara nyingi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale dirishani kwake natazama foleni. Mwishowe akapiga kioo kwa funguo na madereva wote wakaangua kicheko. "Mama Gia," ndivyo wanavyoniita, "umeolewa na injini?" Nami nikacheka. Nilicheka hadi nikapanda kwenye gari na kufunga mlango, halafu nikalia mpaka dereva wa nyuma akashuka kuniuliza kama gari imezima.

Ninaogopa. Basi, nimeandika. Naogopa kukaa mezani na wanangu wanazungumza na mimi natabasamu tu kama picha ukutani.

Jumapili, 9 Agosti

Mara ya tatu. Safari hii nimeamua kukomesha mchezo: juu ya blanketi tumeweka bati jembamba na kulipiga ribiti pande zote. Atakayetaka kulitoa aje na drili. Nilipiga ribiti nyingine mwenyewe, kila moja namtaja Shemeji kimoyomoyo. Mume wangu alidondosha chombo mara mbili. Nikamuuliza anaumwa? Akasema amechoka. Nikamtengenezea chai.

Jumatatu, 10 Agosti

Asubuhi nimepeleka gari gereji, nikaondoka kwenda sokoni. Njiani nikakumbuka miwani yangu ya kusomea nimeiacha kwenye kabini. Nikarudi.

Nikasikia drili.

Nilitembea polepole kwa sababu miguu ilikuwa imeshaelewa, kichwa bado. Mlango wa gari ulikuwa wazi. Ribiti zangu zilikuwa zimetapakaa chini. Ndani, mume wangu amepiga magoti kwenye kiti changu, blanketi amelitupia begani, kisu cha kukwangulia kwenye meno kwa sababu mikono yote miwili imeshika drili.

Aliponiona hakuruka wala hakutafuta uongo. Alizima drili, akatoa kisu mdomoni, akakaa.

"Anasinzia," akasema.

"Nani?"

"Mdogo wangu. Gari ikinyamaza anasinzia. Kelele ndizo zinazomweka macho, kelele na joto la mguuni."

Nikashika mlango. Akaendelea, anaongea na usukani. Mwaka jana, ile siku Ngurumo ilipobomoa ua wa kiwanda, sote tuliambiwa steringi iliganda. Steringi ilikuwa nzima. Shemeji alikuwa amelala. Mume wangu akaitoa steringi nzima akaweka nyingine, ili Mama aone kilichoharibika kimetengenezwa. Na mdogo wake akamwapisha asiseme, kwa sababu Mama akijua atamnyang'anya ufunguo, na yule hajui kazi nyingine duniani.

"Kwa hiyo ni wewe," nikasema. "Mara zote."

"Mara zote."

"Mimi unaniwekea, Jumatatu unatoa."

"Ndiyo."

"Na mimi nimemtukana mtoto wa watu mbele ya mama yake."

"Alisema heri umwone ana roho mbaya kuliko umwone hafai."

Sikupiga kelele. Ningependa kuandika kwamba nilipiga. Nilimwambia: "Ungenieleza siku ya kwanza, ningeshona yale mablanketi kwa vifungo. Wiki yake avue, wiki yangu nivike. Kazi ya saa moja. Cherehani ipo ndani."

Alinitazama. Haki ya Mungu, halikuwa limempitia kichwani. Fundi mzima! Wao wawili wamekaa na siri yao, wameilinda kama yai, na hawakuwahi kuwaza vifungo.

"Nilimwapia," akasema tena.

"Na mimi? Mimi uliniapia nini, mbele ya watu wote wale?"

Akalishusha lile blanketi begani. "Nilidhani sikio linaweza kungoja," akasema. "Ajali haingoji."

Nilichukua miwani yangu nikaondoka.

Jumanne, 11 Agosti

Sijamsemesha.

Jumatano, 12 Agosti

Sijamsemesha. Ameosha vyombo. Naona anadhani ugomvi huu unaoshwa na vyombo.

Alhamisi, 13 Agosti

Nimemvizia Shemeji anapojaza mafuta. Akaniona, akatafuta utani wake, akaukosa.

"Kaka amekwambia."

"Nimemkuta, hajaniambia. Kesho napanda na wewe, siku nzima."

"Shem, kuna joto kali, utateseka bure..."

"Wiki ngapi nimeteseka bure? Kesho napanda."

Ameonekana mzee ghafla. Sijawahi kuona kwamba chini ya macho yake pamekuwa peusi hivyo. Kila siku nilikuwa naangalia kofia.

Ijumaa, 14 Agosti

Naandika na mkono umefungwa kitambaa, mwandiko utakuwa mbaya.

Gari ilikuwa uchi, kama anavyoitaka. Nundu tupu, matundu wazi, raba ya gia imepasuka. Na kiti cha abiria kinageuza mambo: sikio langu zima ndilo lililokaa upande wa injini. Sikulifikiria hilo mpaka tumeshatoka. Nililiziba kwa kiganja. Mkono ukichoka nabadilisha, nalala upande, nalifunika kwa bega. Kelele zinapita kwenye mfupa.

Asubuhi alikuwa mzima kabisa. Tulipakia, tukarudi, tukapakia tena. Alikuwa na mbinu zake zote: chupa ya maji ya kujimwagia usoni, pilipili mbichi ya kutafuna, anaimba kwa sauti kubwa nyimbo zisizo na kichwa wala miguu. Nilimhurumia. Kumbe kazi yote ile ya kunichekesha kila siku ilikuwa hiyo hiyo: mtu anajikaza asizimike.

Saa za mchana, jua liko utosini, tumebeba mzigo kamili, tunashuka kuelekea daraja. Injini inapiga kelele za kupasua kichwa, sakafu inachoma hadi nimeinua miguu. Nikaona wimbo umekatika. Nikageuka. Shemeji amekaa wima, mikono kwenye usukani, kidevu kimegusa kifua.

"Shem!" Hakuna kitu. "SHEM!"

Gari ilikuwa imeshaanza kuuacha mstari. Nilitoa mkono kwenye sikio, mikono yote miwili, nikajitupa juu ya nundu inayochoma nikashika usukani. Nikavuta. Upande wa pili kulikuwa na mwanamke na baiskeli, nilimwona anaiachia baiskeli na kurukia majani. Shemeji akazinduka kwa kelele zangu, akakanyaga breki, Ngurumo ikalia yote, ikasimama ikiwa imeinamia daraja. Baiskeli ilikuwa chini yetu. Mwanamke alikuwa mzima. Alitutukana vizuri sana, na kila tusi lilikuwa haki yetu.

Nimeungua mkono kuanzia kiwiko. Hilo litapona.

Tulikaa kando ya barabara. Shemeji alitapika, kisha akalia, mtu mzima na ndevu zake. Nami nilikuwa na hasira ambayo sijui niielekeze wapi, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Kelele zote zile. Joto lote lile. Na pilipili, na maji, na nyimbo. Na bado alilala! Zilikuwa hazimsaidii chochote. Mume wangu alichukua sikio langu akampa mdogo wake, na mdogo wake hakuwa na pa kulitumia.

Niliendesha mimi hadi kiwandani. Shemeji alilala njia nzima, na akikoroma pumzi yake inakatika, naona kifua kimesimama, halafu anashtuka kama aliyeibuka majini. Nikawa naendesha namtazama. Nilijikuta nabana pumzi naye.

Jumamosi, 15 Agosti

Nimemwambia Mama. Ndugu wawili walikaa kwenye benchi moja kama watoto walioitwa na mwalimu, na mimi nikasema, kuanzia steringi hadi daraja.

Mama hakugonga meza. Alimtazama Shemeji. "Tangu mdogo unakoroma hivyo," akasema. "Pumzi inakatika. Nilikuwa nakaa kitandani kwako kusubiri irudi. Nilidhani umekua yameisha." Kisha akanyoosha mkono, Shemeji akautia ufunguo ndani ya kiganja chake. Mama akanipa mimi.

"Utapelekwa hospitali," akamwambia. "Mpaka waseme umepona, utakuwa unapakia, huendeshi. Hakuna aliyekufukuza."

Kisha akamgeukia mume wangu. Nilidhani atamfokea. Akamwambia tu, "Na wewe, nilikuzaa una akili."

Jumatatu, 17 Agosti

Sasa ni wiki zangu zote. Mume wangu ameifunga kabini upya, peke yake, sikushika hata taa. Amefika mpaka kwenye bomba la moshi, amebadilisha gasketi iliyokuwa inavuja miezi yote hii na mimi nikiambiwa "bado ipo ipo". Ametoboa tundu la hewa lenye mfuniko kwenye paa. Ameweka mablanketi ya vifungo. Vifungo! Nimevitazama, nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Ijumaa, 21 Agosti

Nimeanza kumsemesha. Mambo ya grisi tu na ada za watoto.

Jumamosi, 29 Agosti

Shemeji amepewa mashine ya kuvaa puani akilala. Anasema anafanana na tembo. Amelala usiku wote, ameamka, amekula, na ametania watu watatu kabla ya jua kupanda. Amenishika mkono akasema, "Shem, sikujua asubuhi iko hivi." Sijamchukia hata kidogo. Ningetaka, ingekuwa rahisi zaidi.

Jumanne, 8 Septemba

Mizigo ya mwisho mwisho. Kabini imetulia, ina baridi ya kutosha kuvaa shati la mikono mirefu. Kila dereva anakuja kuchungulia, na mume wangu ana wateja wawili wanaotaka magari yao yafanywe vile vile. Wananipongeza mimi. "Mama Gia, sasa unafaidi." Nawajibu nafaidi.

Leo nimekata kona ya kiwandani nikatega sikio nisikie ile tik, tik. Nikafikiri balbu imeungua. Nikashuka kutazama, taa ilikuwa inawaka na kuzimika vizuri tu.

Jumatatu, 14 Septemba

Msimu umekwisha jana. Leo nimerudi kwa daktari. Mume wangu ameomba kunisindikiza, nikamwambia njia si yangu.

Daktari alichungulia ndani ya sikio, akasema limekauka, usaha hakuna, safi kabisa. Mume wangu akashusha pumzi. Kisha akaja muuguzi, binti mpole, akanieleza huku ananitazama usoni: atasimama nyuma yangu, atanibana sikio la kushoto kwa kidole, na kwenye la kulia atanong'ona maneno mepesi, moja moja. Mimi nirudie nitakachosikia. Nisigeuke.

Nikakaa wima. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, mbele yangu, kofia magotini. Nilihisi kidole cha binti sikioni. Nikafumba macho ili nisikie vizuri. Chumba kilikuwa kimetulia. Nikangoja. Nikafikiri labda anatafuta karatasi yake, au daktari amemwita. Nikaendelea kungoja, nisije nikaonekana mwanamke asiye na subira.

Mwishowe nikafumbua macho. "Mbona huanzi?" nikauliza.

Hakuna aliyenijibu, au kama yupo sikumsikia. Mume wangu alikuwa amejifunika uso kwa kofia, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.